Mkonge Uliingia, Ua Likatoka

Mwaka 1893 Tanga ilipokea mmea mmoja, ikiwa imekwisha kutoa mwingine. Uliopokewa ni mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na ilipotua pwani yetu iliyokuwa bado hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo yakaja mashamba yote ya Pangani, Muheza na Korogwe, mpaka Tanganyika ikawa inaongoza duniani kwa katani. Habari hiyo si ngeni. Tumefundishwa shuleni, na wazee wa Korogwe bado wanaweza kukukalisha kitako wakakusimulia habari za manamba, treni na bei ya singa.

Mmea uliotoka hauna masimulizi ya namna hiyo. Mwaka huohuo, Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, alilipa jina la kisayansi ua dogo la zambarau lililomfikia kutoka Tanga: Saintpaulia ionantha. Mwaka huohuo pia likaonyeshwa Ghent, Ubelgiji, kwenye maonesho makubwa ya maua. Leo vizazi vyake vinauzwa Stockholm, Tokyo na Chicago, vikiwa ndani ya vyungu vya plastiki, kando ya rafu za maziwa na mikate. Wajerumani mpaka leo hulitaja kwa jina la Usambara. Wasambaa wao huliita dughulushi.

Watu wengi wanaopenda maua huko nje wanajua kwamba asili yake ni Afrika, basi. Na watu wengi wa Tanga hawajui kwamba ua hilo ni lao. Kati ya kutojua huko kuwili, ua lenyewe linazidi kupungua majabalini. Wapenzi linao tele. Linachokosa ni kivuli, na kivuli hicho kinatunzwa na mtu ambaye hakuna anayemlipa.

Jina Saintpaulia limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wakati wa utawala wa Wajerumani, aliyekuwa na makao yake Tanga. Aliliona ua hili mahali pawili palipotofautiana sana: kwenye majabali ya chokaa, mwendo wa kama saa moja kutoka mjini, karibu na usawa wa bahari; na juu kwenye msitu wa Usambara, kwenye miamba migumu yenye kivuli. Akampelekea baba yake huko Silesia, mzee mpenda mimea, naye baba akampelekea Wendland. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikachukua kazi ya kulizalisha na kuliuza.

Lakini Saint Paul-Illaire hakuwa wa kwanza. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikwisha kupeleka sampuli kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 1884, na mwaka 1887 mmisionari William Ernest Taylor akapeleka nyingine kutoka nchi ya Wagiriama na milima ya Shimba. Sampuli hizo hazikutosha kuelezea mmea mpya, zikabaki kabatini. Msomaji wa fasihi atakuwa ameshtuka kidogo kulikuta jina la Taylor hapa. Ndiye huyohuyo aliyeshirikiana na Mwalimu Sikujua wa Mombasa kuyakusanya mashairi ya Muyaka yasipotee. Na Saint Paul-Illaire naye, miaka michache kabla ya kulitia ua hili mkononi, alikuwa ametoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Sijapata kusikia ua jingine lililochumwa na wanafunzi wawili wa Kiswahili. Sikujua angalau amebaki katika historia ya Muyaka. Aliyewaongoza wageni hawa hadi kwenye jabali hakupata hata herufi moja katika jina la ua.

Biashara ilianza polepole. Iliwaka moto Marekani, baada ya wakuza maua Armacost na Royston wa Los Angeles kuagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza katikati ya miaka ya 1920, wakaotesha miche mingi, wakachagua kumi iliyo bora. Mmoja wao waliuita Blue Boy, na huo ulizaa ukoo mkubwa kuliko yote. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili walifanya onyesho mjini Atlanta na kuunda chama chao, ambacho kipo mpaka sasa. Aina zilizozalishwa tangu hapo zimefika maelfu: za waridi, nyeupe, zenye petali zilizorundikana, zenye majani ya mabaka, zinazoenea kikombeni.

Kilichorahisisha mambo ni tabia ya mmea wenyewe. Kata jani moja pamoja na kikonyo chake, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, lifunike lisikauke. Baada ya majuma kadhaa pale kikonyo kilipozama huchipuka vimiche, kila kimoja na majani mawili matatu mfano wa masikio ya panya. Hapo una ua jipya bila mbegu, bila kulipa, bila kurudi Tanga kuomba jingine. Akina mama wa Marekani walipeana majani kwa njia ya posta kama majirani wanavyopeana vipande vya mhogo vya kupanda. Kama ungetaka kubuni zao ambalo nchi lilikotoka haitaambulia hata senti moja, usingepata lililo bora kuliko hili. Mkataba wa Bioanuwai uliosainiwa Rio mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inazipa nchi haki juu ya mimea yake na faida itokanayo nayo, lakini hairudi nyuma miaka mia moja kudai hesabu ya Blue Boy.

Mtu wa haraka ataniuliza: ua lililojaa madirishani litatowekaje? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba la dirishani limetoka kwenye mbegu chache, likachaguliwa na kuchaguliwa tena na watu waliotaka ua kubwa linalovumilia chumba chenye kipasha joto. Huku nyumbani kuna ndugu zake wasiofanana nalo. Kuna la Amani lenye shina linalotambaa juu ya jiwe na kuning'inia, waliloliita grotei. Kuna la Shume, Usambara Magharibi, lenye majani madogo yenye manyoya magumu. Kuna la Uluguru lililo dogo sana. Wakuzaji wa Ulaya na Marekani walipotaka maua yanayoning'inia, ilibidi walirudie la Amani. Walipotaka ya vyungu vidogo, wakatafuta damu ya la Shume na la Uluguru. Kila mara dirisha lilipochoka lilirudi msituni. Msitu ukiondoka, dirisha litakuwa limefika mwisho wa hazina yake.

Ukitaka kuliona, panda kutoka Muheza kuelekea Amani. Barabara hupita Sigi, penye lango la hifadhi, ambapo nyumba ya mkuu wa stesheni wa Kijerumani bado imesimama. Reli nyembamba ililetwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuteremsha magogo, jambo linalokwambia mapema msitu huu ulitazamwa kwa jicho gani. Kutoka Sigi njia hupinda na kupinda, joto la bondeni linakuacha, na harufu ya majani mabichi inaingia.

Usilitafute ua kwenye udongo. Tazama majabali yaliyo pembeni mwa vijito, upande usiopigwa na jua, penye ukoga wa kijani. Majani yamepangika duara, yamejibandika kwenye jiwe, mengine yameshika ufa usioingia hata ukucha. Kila jani lina manyoya laini yanayonasa matone ya ukungu. Ukiyatazama kwa karibu utaona matone yamekaa juu ya nywele bila kugusa ngozi ya jani. Maua yenyewe ni madogo kuliko ya dukani, rangi ya zambarau iliyofifia, petali tano zisizolingana: mbili ndogo juu, tatu kubwa chini. Katikati vimetokeza vifuko viwili vya manjano, na pembeni mwake kijiti kimoja cha zambarau kimeinama upande mmoja. Kwenye ua hili kimeinama kulia, kwenye jirani yake kushoto.

Kuinama huko kuna kazi. Ua hili halina asali. Malipo pekee linayompa nyuki ni chavua, na chavua imefungiwa ndani ya vifuko vile viwili vyenye tundu dogo tu. Nyuki lazima avikumbatie, kisha atetemeshe misuli yake ya mabawa bila kuruka, ndipo chavua immwagikie tumboni. Ukisimama kimya unasikia mlio ukibadilika, kutoka uvumi wa kawaida hadi mlio mkali wa juu. Akienda kwenye ua ambalo kijiti chake kimeinama upande wa pili, kitamgusa palepale alipopakwa. Katika milima ya Taita, Kenya, mtafiti Dino Martins aliwaandika nyuki hao wakifanya kazi hiyo kwenye ua la Mbololo. Si nyuki wa mizingani. Wengi ni wale wa peke yao, wanaohitaji udongo na mimea ya msitu huohuo. Kwa hiyo kulihamishia ua kwenye bustani peke yake ni kuchukua nusu ya mambo.

Mbegu ni kama vumbi. Ikidondoka kwenye ukoga wenye maji, inaota. Ikidondoka kwenye jiwe lililoanza kupigwa na jua la saa sita, basi tena. Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini. Dughulushi hang'olewi kwa wingi na wezi wa maua, ingawa wapo wanaojaribu. Hakatwi kwa panga. Hakuna mkulima anayelima juu ya jabali. Mtu anakata mti ulio hatua kumi kutoka hapo, kwa sababu zake halali kabisa za kutafuta kula, jua linaingia, ukoga unakauka, manyoya ya jani yanakosa ukungu wa kunasa, na mmea unaungua ukiwa haujaguswa na mtu. Mkulima mwenyewe anaweza asijue kwamba ameua kitu.

Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi huipiga na kuacha mvua na ukungu, na umefanya hivyo kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Ndiyo maana viumbe vilivyopotea kwingine vimebaki humo, na ndiyo maana kila kilima kimekaa na ua lake. Mtaalamu wa Edinburgh, B. L. Burtt, alizigawa Saintpaulia katika spishi zipatazo ishirini. Mwaka 2006 zikapunguzwa kuwa sita, na mwaka 2015 wataalamu wakaitoa hata jenasi yenyewe, wakaihamishia kwenye Streptocarpus. Wapenzi wa maua walilalamika sana. Mimi jina halinisumbui; linalonisumbua ni kwamba yaliyokuwa spishi nzima, yenye kilima kimoja tu cha kuishi, sasa yanahesabiwa kuwa aina ndogo za spishi moja kubwa, na ofisini aina ndogo haina sauti.

Chini, kwenye tambarare za Tanga, hasara ilikuja mapema. Lile la majabali ya chokaa, ambalo ni bibi wa maua mengi ya madirishani, liliishi kwenye misitu ya nchi ya chini ambayo ndiyo iliyokuwa rahisi kufyekwa. Mkonge ukachukua sehemu yake. Baadaye ikaja mitiki. Ukipita Longuza utaona mitiki imesimama kwa mistari, na mgeni atakwambia msitu upo. Lakini mtiki hupukutisha majani wakati wa kiangazi, wakati uleule ambao mmea wa jabalini unahitaji kivuli kuliko nyakati nyingine zote. Yaliyobaki huku chini yamejificha kwenye makorongo na mapango, kama yale ya Amboni, penye kivuli cha jiwe lenyewe.

Juu, Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, wakajaribu mimea ya kila pembe ya dunia. Mmojawapo wa miti iliyoletwa baadaye, Maesopsis, ambao Waganda huuita musizi, umeenea ndani ya msitu wa asili mpaka leo na kuchukua kila uwazi unaoachwa. Chai ikachukua vilele. Katika miaka ya 1970 na 1980 ukataji wa magogo kwa mashine, ulioungwa mkono na msaada wa Finland, uliingia hata kwenye miteremko mikali. Makelele yalipozidi ukasimamishwa, na fedha za Finland zikageukia uhifadhi. Wakati huohuo wanakijiji walipanda iliki. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka ya chini. Kwa mtu anayepita barabarani msitu unaonekana mzima. Lakini miti michanga imekwisha, mikubwa ikianguka hakuna warithi, rutuba ikipungua iliki inakufa, na baada yake panalimwa mahindi. Hapo jua limeingia moja kwa moja.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, na bila shaka bila hiyo ningekuwa naandika sura ya maombolezo. Lakini kuna deni la Derema. Ukanda wa Derema unaunganisha vipande vya msitu, na ndani yake wakulima zaidi ya elfu moja walikuwa na mashamba ya iliki. Katika miaka ya 2000 walitolewa ili msitu uungane. Mazao yalihesabiwa na fidia ikalipwa kwa awamu, nyingine zikachelewa miaka. Lakini shina la iliki huzaa mwaka hadi mwaka, na fedha taslimu hulika mara moja. Nimewasikia watu wa huko wakilizungumzia jambo hilo bila kupandisha sauti, na kwangu hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Mtu aliyenyang'anywa shamba kwa jina la ua haulizwi kama analipenda ua.

Upande wa Kenya hali ni nyembamba zaidi. Ua la Mbololo, Streptocarpus teitensis, linajulikana kwenye kilima hicho kimoja cha Taita, penye msitu wa hekta mia mbili hivi. Lile la Kilifi limeng'ang'ania majabali ya chokaa ya Kaloleni na Mwarakaya, na chokaa ndiyo malighafi ya saruji. Pale lilipobahatika kuangukia ndani ya kaya za Wamijikenda, wazee walikuwa wamekataza kukata miti karne nyingi kabla ya UNESCO kuzitambua kaya hizo mwaka 2008. Hawakuwa wakililinda ua. Walikuwa wakilinda makaburi na mahali pa dua, na ua likafaidi kivuli.

Amani pia walijaribu njia ya kuufanya msitu ulishe watu ukiwa umesimama. Wanavijiji walifuga vipepeo na kuuza pupa wao kwenye nyumba za maonesho za Ulaya na Marekani. Kipepeo wa msituni anahitaji mimea ya msituni, kwa hiyo mfugaji alikuwa na sababu ya kuuacha mti. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingizwa humo pamoja na twiga. Biashara iliyojengwa kwa miaka ikasimama kwa tangazo moja. Nadhani lilikuwa kosa, na gharama yake haikuishia kwenye mifuko ya wafugaji.

Njia moja bado haijajaribiwa kwa dhati, na imo ndani ya bomba la maji. Vijito vinavyolowanisha majabali ya Amani huingia Mto Zigi. Zigi huingia bwawa la Mabayani. Na Mabayani ndilo linalonywesha jiji la Tanga. Mti unaompa dughulushi kivuli ndio huohuo unaozuia udongo usiteremke kujaza bwawa. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilianza kuuza hatifungani ya kijani ya zaidi ya shilingi bilioni 53, na wanunuzi wakazidi kiasi kilichohitajika. Kumbe fedha za maji zipo, na wenye fedha wanaamini kwamba maji ya Tanga yatakuwepo miaka kumi ijayo. Imani hiyo imeegemea kwa wakulima wa milimani, ambao tayari wana umoja wao wa bonde la Kihuhwi na Zigi.

Kwa hiyo ombi langu silipeleki kwa wapenda maua wa Atlanta, wala kwa Kew. Nalipeleka kwa wakazi wa Tanga na madiwani wao: sehemu ya kila ankara ya maji, hata iwe shilingi chache, ilipwe kila mwaka kwa mkulima wa juu ya Zigi anayeuacha mti wake usimame kandokando ya kijito. Ilipwe kila mwaka kama iliki inavyolipa, isiwe fidia ya siku moja. Na watu wa Derema wawe wa kwanza kwenye orodha.